Mteja akisema "bidhaa yako imenipa aleji", muulize haya kwanza

Wauzaji wenzangu wa mtandaoni, kama unauza sabuni, mafuta, hereni au vipodozi, hii meseji itakufikia tu: "Dada, bidhaa yako imenidhuru, nirudishie hela." Wengi tunafanya moja kati ya mawili. Tunabisha mpaka tunagombana, au tunarudisha hela fasta ili asituanike kwenye grupu. Kote huko hakuna aliyejua kilichomdhuru, na kesho ataumia tena.

Mimi nina duka Mang'ola na nauza pia WhatsApp. Huku kwetu kitunguu ndiyo maisha. Msimu uliopita mama mmoja anayekata vitunguu kabla havijafungwa kwenye magunia alinitumia picha ya vidole: vimekauka, vimepasuka, vinawasha. Akasema ni sabuni yangu. Nikamuuliza, mkono gani? Akajibu wa kushoto tu, dole gumba na vidole viwili vinavyofuata. Sasa jamani, sabuni unanawa kwa mikono yote miwili, inachaguaje mkono? Nikamuuliza anakataje vitunguu. Kulia kisu, kushoto kitunguu.

Kitunguu maji na kitunguu swaumu vyote vinaweza kuleta mzio wa ngozi, swaumu ndiyo zaidi. Kwa wapishi na wamenyaji, alama yake inajulikana: ncha za vidole vya mkono unaoshika. Lakini sikumwambia "ni kitunguu", mimi si daktari. Nilimwambia aangalie tu. Akapata msiba Mbulu, akakaa huko wiki mbili, sabuni yangu akaenda nayo, vidole vikapona. Aliporudi kazini, siku ya pili vikaanza kuwasha. Kazi hawezi kuacha, ndiyo inayolipa ada. Sasa anashika kitunguu kwa kitambaa kizito na anakibadilisha kikilowa. Vimepungua, havijaisha.

Kwa hiyo swali la kwanza ni wapi. Mara nyingi upele unatokea pale kitu kilipogusa. Ndewe za masikio zikiwasha, fikiria nikeli, madini yaliyojaa kwenye hereni za bei rahisi. Mtu huyohuyo anaweza kuwashwa chini ya kitovu, pale kifungo cha jinzi kinapogusa. Upele ukifuata maua ya piko, fikiria ile rangi nyeusi: hina ya asili inatoa wekundu wa kahawia, ila nyeusi tii mara nyingi imetiwa rangi ya nywele yenye kemikali iitwayo PPD. Ila kuna mtego. Kope zinaweza kuvimba kwa sababu ya rangi ya kucha, maana mtu anajigusa macho siku nzima bila kujua.

Swali la pili ni lini, na hapa ndipo wengi tunapotea. Mzio wa ngozi wa kugusa kitu kwa kawaida hauji palepale. Unakuja baada ya siku moja mpaka tatu. Mteja analaumu alichopaka asubuhi, kumbe mkosaji ni wa juzi. Muulize vitu vyote vya siku tatu nyuma. Na akisema "hii natumia miaka mitano, haiwezi kuwa yenyewe", inaweza. Mwili unaweza kuanza kukataa kitu ulichokizoea.

Akikwambia midomo au ulimi unavimba, au pumzi inabana, acha maswali yote. Aende hospitali sasa hivi.

Kama ni upele wa kawaida, aache kila anachoshuku mpaka ngozi itulie, kisha arudishe kimoja kimoja. Mafuta ya kupaka anaweza kuyajaribu kidogo kwenye kiwiko kwa ndani, mara mbili kwa siku, kama wiki nzima. Sabuni usimwambie aipake na kuiacha, itamchubua hata asiye na mzio. Na aliyewahi kuvimba kwa rangi ya nywele asijaribu tena nyumbani. Madaktari wa ngozi wana kipimo cha kubandika vitu mgongoni kwa siku mbili na kusoma matokeo. Sisi wa kaskazini tuna KCMC Moshi, ambako kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kipo tangu 1992.

Yote haya hayasaidii kama unauza mafuta ya kupima kwenye kopo lisilo na lebo. Hakuna wa kujua kuna nini humo. Mimi kila mzigo ukifika napiga picha lebo, upande wa viambato, naihifadhi kwenye simu. Ikithibitika ni bidhaa yangu narudisha hela, na naandika kwenye daftari jina la mteja na kitu kinachomsumbua. Wa nikeli ninao wawili. Hereni mpya zikija, hao nawaambia wasinunue.