Kishonanguo: Mmea wa Ardhi Iliyovurugwa

Mtu apitaye kando ya mashamba ya Kawajense, Mpanda, mvua zikiwa zimekwisha, hufika kwake na vijiti vyeusi vimenasa kwenye pindo la nguo. Mmea uvitoao ni kishonanguo, ambao Linnaeus aliuita Bidens pilosa mwaka 1753. Bidens ni Kilatini, maana yake "meno mawili". Walioupa jina la Kiswahili, kwa maoni yetu, waliutazama vizuri zaidi, kwani walitaja kazi ya meno hayo.

Kishonanguo ni cha jamii ya alizeti. Kile tukiitacho ua ni mkusanyiko wa maua madogo mengi yaliyobanana juu ya kitako kimoja: ya katikati ni ya njano, ya pembeni, pale yanapokuwepo, ni machache na meupe. Kila ua dogo la katikati lina stameni na ovari, na likisha kuchavushwa hutoa tunda moja kavu lenye mbegu moja. Basi kijiti kile si mbegu tupu, kama wengi wadhanivyo, bali ni tunda zima. Nchani lina meno mawili au matatu yenye miba midogo iliyoelekea nyuma, ndiyo maana huingia kitambaani kwa urahisi na kutoka kwa shida.

Asili ya mmea huu ni nchi za joto za Amerika. Katika miombo iliyofunga, chini ya mitundu na mininga, huwa haba. Hutaka mwanga na udongo uliotifuliwa: mashamba, kando ya barabara na reli, viwanja vya nyumba. Mkulima afyekapo pori huwa anautayarishia makao. (Majani yake machanga huliwa kama mboga, lakini hilo halimpunguzii mkulima palizi.)

Mmea huishi msimu mmoja tu, ila waweza kutoa mbegu 3,000 hadi 6,000. Tena matunda yake si ya namna moja. Yale ya katikati ni marefu na huota upesi yapatapo unyevu. Ya pembeni ni mafupi, yenye ganda la kukwaruza, na mengi yake huchelewa kuota. Kwa hiyo mvua za kwanza zikikatika na miche ikafa, iko akiba udongoni. Mkulima apaliaye baada ya matunda kukomaa amekwisha kuchelewa: jembe lenyewe husaidia kuyatawanya.

Mwalimu aweza kulijaribu jambo hili darasani. Wanafunzi wakusanye matunda makavu, wachague 50 marefu na 50 mafupi, wayapande katika mikebe miwili yenye udongo uliokwisha kuchomwa moto ili kuua mbegu nyingine. Mikebe yote iwekwe mwangani na kumwagiliwa maji sawasawa, na miche ihesabiwe kila siku kwa majuma matatu. Matunda yatakayobaki yachomwe moto, yasitupwe jalalani.