Gari la Pili Nyumbani: Bima Nafuu Isiyovunja Sheria

Familia nyingi za Kisiwani zina gari la pili: dogo, la zamani, la kupelekea watoto shule au kwendea Kongowea. Kwa kuwa halitumiki kila siku, wengine huona bima yake ni hasara. Somo hili laeleza jinsi ya kupunguza gharama bila kujiweka hatarini.

Sheria inasemaje?

Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 405, inakataza kutumia gari barabarani bila bima ya kuwalinda watu wengine. Inamkataza pia mwenye gari kumruhusu mtu mwingine kulitumia bila bima hiyo. Ukimpa mpwa wako ufunguo afike Makupa mara moja tu, nawe una kosa. Adhabu ni faini au kifungo. Kumbuka pia kwamba ada ya maegesho unayoilipa kaunti si bima.

Aina tatu za bima

1. Bima ya mtu wa tatu. Ndiyo ya lazima na ndiyo rahisi. Hulipa madhara uliyomfanyia mwingine. Gari lako hutengenezi nayo.
2. Bima ya mtu wa tatu, moto na wizi. Huongeza kinga gari likiungua au kuibwa.
3. Bima kamili. Hulipa hata uharibifu wa gari lako, na huhesabiwa kwa asilimia ya thamani yake.

Ipi inakufaa? Jiulize: gari hili likiharibika kabisa kesho, nitaweza kulikosa? Kwa gari kuukuu la bei ndogo, bima ya mtu wa tatu huenda ikatosha. Lakini likilala nje katika vichochoro vya Mji wa Kale, mikwaruzo utailipia mwenyewe. Likiwa jipya au la mkopo, chukua bima kamili.

Njia halali za kupunguza gharama

• Peleka magari yote mawili kwa kampuni moja, kisha uombe punguzo.
• Kama hujadai fidia, omba punguzo la kutodai.
• Linganisha bei za kampuni tatu, pamoja na kiasi utakachochangia mwenyewe ajali ikitokea.
• Gari likitumika kwa msimu, uliza bima ya mwezi mmoja. Cheti kikiisha, liache uani hadi ukate kingine.

Jua pia unacholipia. Juu ya bei ya bima kuna tozo ya mafunzo ya asilimia 0.2, mfuko wa fidia wa asilimia 0.25 na ushuru wa stempu wa shilingi 40. Kwa bima ya shilingi 20,000, nyongeza ni 40, 50 na 40: jumla 20,130. Ukidaiwa zaidi, uliza ni za nini.

Rahisi inayogeuka ghali

Usipunguze thamani ya gari kwenye fomu. Gari la shilingi 600,000 likiandikwa 300,000, fidia nayo yaweza kukatwa nusu. Usibebe abiria wa kulipa kwa bima ya gari la binafsi. Ukinunua gari, usitegemee cheti cha aliyekuuzia. Badilisha umiliki NTSA, kisha ukate bima kwa jina lako.

Zaidi ya yote, jihadhari na cheti bandia. Ukimgonga mtu, hakuna kampuni itakayokulipia. Matibabu na fidia zitatoka mfukoni mwako, pengine kwa kuuza kiwanja cha urithi. Siku hizi vyeti hutolewa kidijitali, kwa hivyo piga simu kwa kampuni yenyewe na uthibitishe nambari ya gari lako. Lipa kwa akaunti ya kampuni, si ya mtu, kwani kampuni haibebi dhamana kabla ya kupokea malipo. Wakala naye awe na leseni ya Mamlaka ya Kudhibiti Bima, IRA, ambako pia unaweza kupeleka malalamiko.

Kabla ya kuwasha gari la pili leo, tazama tarehe ya mwisho kwenye cheti chake.