SOMO LA UFUGAJI: DANG'A, VITAMINI A NA KINGA YA NDAMA

Ndama huzaliwa bila silaha. Kondo la ng'ombe halipitishi kingamwili za mama, na vitamini A hupita kidogo mno. Ini, ambalo ndilo ghala ya vitamini hiyo, huwa karibu tupu siku ya kuzaliwa. Akiba yote ya mwanzo imo katika dang'a.

Vitamini A ya ng'ombe hutokana na karotini iliyomo katika majani mabichi. Mwilini hugeuzwa kuwa asidi ya retinoiki, nayo huingia katika kiini cha chembe na kuziamsha jeni au kuzituliza. Kwa amri hiyo utando wa utumbo na wa mapafu hujijenga upya, na chembe nyeupe za damu hukomaa na kuelekezwa kwenda kuulinda utumbo. Amri ikikosekana, utando huo hukauka na kuwa mgumu, vijidudu hupenya, na ndama hushikwa na kuhara au kichomi.

Unguja ilitangazwa kuwa haina tena mbung'o mwaka 1997, na njia ya kufuga ng'ombe wa maziwa ikapanuka. Majani, hata hivyo, hayakuongezeka kwa sababu hiyo. Kiangazi cha Januari na Februari nyasi za uwanda hukauka, na jua huila karotini yake. Pumba za mpunga na chicha za nazi kutoka mjini hujaza tumbo tu. Ng'ombe mwenye mimba aliyelishwa hivyo miezi ya mwisho huweza kutoa dang'a nyingi iliyo hafifu. Apewe matembele, majani ya mlonge au ya glirisidia kila siku.

Ndama anyweshwe lita 2 au zaidi za mkamuo wa kwanza ndani ya saa 2, na tena kabla ya saa 12 kupita. Baada ya saa 24 utumbo hauzipitishi tena kingamwili. Wapo wanaoimwaga dang'a kwa kuiona chafu. Umanjano wanaouchukia ndiyo karotini yenyewe.

Sindano ya vitamini A ipo, lakini ziada yake hukaa katika ini na kudhuru, hivyo kipimo ni kazi ya bwana mifugo.

Chama chenye jokofu la kugandisha chaweza kuhifadhi dang'a ya ziada kwa ajili ya ndama aliyefiwa na mama. Iyeyushwe kwa maji ya uvuguvugu. Ikichemshwa, kingamwili huharibika.