Rivasi ya Ndege: Rubani Hupigaje Breki Angali na Injini Nne?

Sisi wa Kibarani tuko kati ya viwanja viwili vya ndege. Njia ya kutulia ndege kule Malindi ina urefu wa mita 1,400 hivi. Ile ya Moi, Mombasa, inapita mita 3,300. Ndege kubwa ya injini nne kama Boeing 747 hugusa chini ikienda karibu kilomita 260 kwa saa, na uzito wake waweza kuzidi tani 250. Je, mzigo huo husimamishwaje?

Nimewasikia wenzetu wakisema ati rubani huzigeuza injini zizunguke kinyumenyume, kama matatu ikipiga rivasi stendi. La, sivyo! Injini huzunguka vile vile. Kinachogeuzwa ni upepo. Feni kubwa ya mbele ndiyo isukumayo hewa nyingi kwenda nyuma. Rubani akiinua vishikio vya rivasi, sehemu ya ganda la injini huteleza nyuma, vijilango vya ndani huziba njia, na hewa ya feni hutokea ubavuni ikielekea mbele. Nguvu iliyokuwa ikiisukuma ndege sasa yaizuia. Ndiyo ile ngurumo abiria waisikiayo baada ya kutua.

Kazi hii ina utaratibu wake. Kwanza magurudumu makuu yaguse chini. Pili, vibao vya juu ya mabawa huinuka ili mabawa yaache kuibeba ndege, uzito uyakalie magurudumu, breki zishike. Hapo ndipo rivasi hufuata. Hufaa zaidi kasi ikiwa kubwa. Kasi ikishuka karibu kilomita 110 kwa saa, rubani huipunguza, maana injini yaweza kumeza mchanga na vijiwe.

Tena si lazima injini zote zihusike. Boeing 747 ina rivasi katika zote nne, lakini Airbus A380 inayo katika mbili za ndani tu. Zile za nje huning'inia karibu na ukingo wa njia, kwenye vumbi na nyasi.

Basi kipi muhimu, breki au rivasi? Tutazame mikasa miwili. Tarehe 18 Aprili 1972, huko Addis Ababa, Super VC10 ya East African Airways, shirika lililokuwa la Kenya, Uganda na Tanzania, ilikuwa mbioni kuruka. Tairi la mbele likapasuka, rubani akaamua kusimama. Breki zilipungukiwa nguvu kwa sababu sehemu ya mfumo wake iliunganishwa vibaya. Ndege ikapita mwisho wa njia, ikaporomoka na kuwaka moto. Watu 43 kati ya 107 walikufa. Tarehe 23 Septemba 1999, Boeing 747 ya Qantas ilitua Bangkok katika mvua kubwa. Breki zilikuwepo, lakini rivasi haikutumiwa. Maji yakazifanya tairi ziteleze, nayo ikapita mwisho wa njia. Bahati njema, hakuna aliyekufa.

Kwa hivyo breki ndizo mhimili. Rivasi ni msaidizi, na siku ya mvua msaidizi huyo ana thamani kubwa. Wahenga hawakukosea: kidole kimoja hakivunji chawa.