TOHARA YA HOSPITALI: KAZI HAIISHII MEZANI

Ndugu msomaji, wahenga walisema kinga ni bora kuliko tiba. Leo nataka tujifunze kwamba hata kinga yenyewe huhitaji kulindwa.

Utafiti uliofanywa Afrika Kusini, Uganda na hapa kwetu Kisumu ulionyesha kuwa tohara humpunguzia mwanamume hatari ya kuambukizwa virusi vya UKIMWI na mwanamke kwa takriban asilimia 60. Kwa hivyo, mwaka wa 2007 Shirika la Afya Duniani liliipendekeza, na mwaka wa 2008 Kenya ikaanza mpango wa tohara ya hiari, hasa Nyanza. Kufikia 2019, wanaume zaidi ya milioni 25 walikuwa wametahiriwa katika nchi 15 za Afrika.

Basi tupige hesabu kidogo. Katika utafiti wa Kisumu, waliopata matatizo walikuwa kama asilimia 1.5, nao walipona upesi. Utasema, "Ah, hao ni wachache!" Naam, katika watu 1,000 ni 15 tu. Lakini katika watu milioni moja ni 15,000. Jambo dogo likifanywa mara nyingi huwa kubwa.

Isitoshe, neno "hospitali" peke yake si hirizi. Uchunguzi wa Bungoma uliochapishwa 2008 ulipata kuwa kati ya kila vijana 100 waliotahiriwa kimila, 35 walipata matatizo. Waliotahiriwa na wahudumu wa afya je? Karibu 18! Wahudumu wengi hawakuwa na mafunzo wala vifaa vya kutosha. Ukilinganisha na Kisumu, utaona kwamba kinachookoa ni ujuzi, vifaa safi na ufuatilizi, wala si koti jeupe.

Umri nao una maana. Viungo vya mtoto havijakomaa, na ingawa ni nadra, njia ya mkojo huweza kujeruhiwa. Mwaka wa 2020 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mpango huu uwalenge wenye miaka 15 na zaidi.

Sasa wewe kijana unayekusudia kwenda, yashike haya:

1. Kabla ya kupashwa tohara, sema ukweli. Kama kwenu kuna ugonjwa wa damu isiyoganda, mweleze daktari. Uliza pia kuhusu chanjo ya pepopunda.

2. Weka kidonda kikiwa safi na kikavu. Usikipake majivu, samadi wala dawa za vichochoroni.

3. Rudi kliniki siku uliyopangiwa, hata kama huhisi maumivu. Asiyerudi hahesabiwi, na tatizo lisilohesabiwa halirekebishwi.

4. Ukiona damu inalowesha bendeji, usaha, uvimbe unaozidi, homa, au mkojo ukikataa kutoka, usingoje siku ya miadi. Taya zikikakamaa, kimbia hospitali mara moja!

5. Jiepushe na ngono kwa muda usiopungua wiki sita. Kidonda kibichi ni mlango wazi kwa virusi. Hata baada ya kupona, asilimia 60 si 100.

Wenzangu, wengi wetu huficha maumivu eti mwanamume halii. Mimi nasema kusema "naumwa" mapema si woga. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta huu ni wa mwili wako mwenyewe. Nakomea hapo.