Hukumu Mpya na Mfungwa wa Zamani

Darasani kwetu liliulizwa swali, na kengele ikalia kabla halijajibiwa: majaji wakisema leo kwamba sheria fulani ni mbaya, je, mtu aliyehukumiwa zamani kwa sheria hiyo afanyweje? Nimelitafuta jibu, na haya ndiyo niliyoyapata.

Zamani hapa Uganda, mtu akionekana ana hatia ya kuua kwa kusudi, au ya unyang'anyi wa silaha, jaji alilazimika kumhukumu kifo. Hakuruhusiwa kupima kama ni kosa lake la kwanza, wala kama amejuta. Wafungwa zaidi ya 400, Susan Kigula akiwa wa kwanza katika orodha, waliishtaki Serikali. Mwaka 2005 Mahakama ya Katiba ilisema kwamba kumlazimisha jaji hivyo ni kuivunja Katiba ya 1995, na tarehe 21 Januari 2009 Mahakama ya Juu ikakubali. Adhabu ya kifo yenyewe haikufutwa. Wala hatia za wale wafungwa hazikufutwa. Kilichofunguliwa upya ni adhabu tu, jambo ambalo watu wengi hulichanganya.

Sasa angalia. Tuseme watu wawili wa kwetu Iyolwa walikuwa wamehukumiwa kifo kwa kuua. Wa kwanza rufani yake ilisikizwa upesi, ikakataliwa. Wa pili jalada lake lilikuwa lingali linangoja. Majaji waliamua kwamba aliyemaliza rufani, akakaa zaidi ya miaka 3 bila kunyongwa wala kusamehewa, kifo chake kigeuzwe kifungo cha maisha. Lakini ambaye rufani yake haijaisha arudishwe Mahakama Kuu, asikilizwe, apewe adhabu inayomfaa. Kwa njia hiyo Kigula, aliyehukumiwa kifo mwaka 2002, alipewa miaka 20 mwaka 2011, akatoka gerezani mwaka 2016. Basi aliyecheleweshwa alipata bahati kuliko aliyewahishwa! Mimi naona ni ajabu, kwa maana kama sheria ile iliivunja Katiba, iliwadhulumu wote wawili.

Wako wasemao kwamba kesi lazima iwe na mwisho, nami siwacheki. Mama wa aliyeuawa yuko kijiji kile kile. Alikwisha kuzika, alikwisha kusikia hukumu, na sasa aambiwa mambo yanaanza tena. Sijui ningemjibu nini mama huyo akiniuliza njiani.

Ukivuka mpaka hapo Busia utakuta mambo mengine. Tarehe 14 Desemba 2017 Mahakama ya Juu ya Kenya, katika kesi ya Francis Muruatetu, iliukataa ulazima kama huo kwa kosa la kuua. Wafungwa wa unyang'anyi wa mabavu nao wakaandika maombi, na baadhi ya korti zikawapunguzia. Ndipo tarehe 6 Julai 2021 Mahakama ya Juu ikaeleza kwamba uamuzi wake ulihusu kuua tu; wenye makosa mengine wafungue kesi yao mbali. Huko, basi, mambo yaligeuka: mnyang'anyi aliyewahi kuomba mwaka 2019 huenda alipunguziwa miaka, na mwenzake wa chumba kimoja, aliyekuwa akingoja mtu wa kumwandikia barua, alikuta mlango umefungwa.