Uyoga wa Dawa wa China na Kinga ya Saratani ya Ini

Uyoga uitwao lingzhi, mgumu kama ubao na wenye kung'aa, umetajwa katika kitabu cha kale cha dawa cha China, Shennong Bencao Jing. Hata leo huchemshwa na kunywewa kwa imani kwamba hulinda ini. Imani hiyo ni kongwe. Uthibitisho kwamba humkinga mtu mwenye afya asipate saratani ya ini haujapatikana.

Uyoga mwingine, huaier, uotao juu ya miti, umepimwa kwa hesabu. Mwaka 2018 ilitangazwa taarifa ya jaribio lililofanywa katika hospitali 39 za China kwa wagonjwa 1,044 waliokwisha kupasuliwa na kuondolewa uvimbe wa ini. Baada ya majuma 96, katika kila wagonjwa 100 waliotumia huaier, 62 hivi hawakurudiwa na ugonjwa. Kwa wasiotumia, 49. Tofauti hiyo si haba. Hata hivyo, hesabu hiyo yafaa ikaguliwe kama daftari la mizani. Wagonjwa wa kundi la pili hawakupewa dawa ya kuigiza, hivyo kila mtu alijua yumo kundi gani. Tena wote walikuwa wamekwisha kuugua, na kumzuia mgonjwa asirudiwe si sawa na kumkinga asiyeugua.

Kinga hasa ilionekana Qidong, karibu na mdomo wa mto Yangtze, mahali palipojulikana kwa wingi wa vifo vya saratani hiyo. Wenyeji walikula mahindi yaliyoota kuvu kwa unyevu, na kuvu hiyo hutoa sumu iitwayo aflatoksini, yaani sumukuvu. Mtu mwenye virusi vya homa ya ini aina B akila sumu hiyo, hatari yake huzidi mno. Katika miaka ya 1980 watu wa Qidong waliacha mahindi wakala wali, na watoto wachanga wakaanza kuchanjwa. Vifo vilipungua, hata kwa watu wazima ambao hawakuwahi kuchanjwa utotoni.

Sumu hiyo hiyo, ikiliwa kwa wingi, huua upesi. Nchini Kenya mwaka 2004 watu 317 waliugua na 125 wakafa; mwaka 2016 ilileta vifo Dodoma na Manyara, Tanzania. Kupika ugali hakuiondoi. Kwa hiyo katibu wa chama apokeapo mahindi ghalani huyapima unyevu kabla ya uzito, huyakataa yaliyozidi asilimia 13.5 mpaka yaanikwe tena, na huyapanga magunia juu ya mbao, mbali na ukuta. Punje zilizoota kuvu hutengwa, wala hazipewi kuku.